Kirusi kimoja, mikoa miwili jirani: kwa nini Lombardia ililemewa na Veneto ikapata ahueni?

Swali la msomaji: "Naandaa mada ya darasa la afya ya jamii kuhusu namna serikali za mikoa zilivyokabili korona mwaka 2020. Kila ninaposoma habari za Italia naambiwa Lombardia ilishindwa, Veneto ikafaulu. Sielewi. Nchi ni moja, waziri wa afya ni mmoja, kirusi ni kilekile, na mikoa yenyewe imepakana. Tofauti ililetwa na viongozi, na pesa, au ni bahati tu? Na kwa kweli serikali ya mkoa ina uwezo gani wakati mipaka, jeshi na hazina viko mikononi mwa serikali kuu?"

Jibu:

Nianzie mwisho wa swali lako, maana usipolielewa hilo mengine yote yatakuchanganya. Nchini Italia afya ni kazi ya mkoa. Sheria namba 833 ya mwaka 1978 ndiyo iliyounda huduma ya taifa ya afya inayogharamiwa na kodi, kisha marekebisho ya katiba ya mwaka 2001 yakaongeza mamlaka ya mikoa. Roma, yaani serikali kuu, inapanga ni huduma zipi kila mwananchi ana haki ya kuzipata, na inagawa fedha. Mkoa ndio unaoajiri, unaojenga, unaoingia mikataba na hospitali binafsi, na unaoamua fedha ziende kwenye hospitali kubwa ya mjini au kwa wauguzi wanaotembelea wagonjwa majumbani. Zaidi ya hapo, sheria hiyohiyo ya 1978 inampa rais wa mkoa uwezo wa kutoa amri za dharura za kiafya katika eneo lake. Kwa hiyo jina la huduma ya taifa lisikuhadae. Korona ilipoingia, haikukuta mfumo mmoja. Ilikuta mifumo mingi yenye nembo moja, na kila mmoja ulikuwa umejengwa kwa miaka mingi kwa maamuzi ya wenyeji.

Maelezo mawili rahisi tuyaondoe mapema. Viongozi: Attilio Fontana wa Lombardia na Luca Zaia wa Veneto wote walitoka chama kimoja, Lega, kwa hiyo siasa za vyama hazitakufikisha mbali. Pesa: mikoa yote miwili ni miongoni mwa iliyo tajiri nchini, na hospitali za Lombardia zilikuwa zikisifiwa Ulaya nzima. Wagonjwa wa mikoa ya kusini walikuwa wakisafiri usiku kucha kwenda kutibiwa Milano. Hospitali hizo nzuri ni sehemu ya maelezo, ila si kwa namna ambayo ungetarajia, nitaifikia.

Bahati, hiyo siwezi kuikataa, na anayekuambia haikuwepo anakudanganya. Tarehe 20 Februari 2020, katika mji mdogo wa Codogno, kusini mwa Lombardia, daktari wa usingizi Annalisa Malara alikuwa na mgonjwa wa miaka 38, mtu mwenye nguvu, mwanamichezo, ambaye nimonia yake ilikuwa inakataa kila dawa. Mwongozo uliokuwepo ulisema apimwe korona yule tu aliyetoka China au aliyekutana na mtu wa huko. Huyu hakuwa hivyo. Malara aliomba ruhusa ya kumpima nje ya mwongozo, akajibiwa kwamba akiona ni lazima, afanye kwa dhamana yake mwenyewe. Akafanya, na majibu yakatoka kwamba anao. Hapo ndipo Italia ilipojua kwamba kirusi kimeshaingia ndani ya jamii.

Kilichofuata kilionyesha kwamba kwa Lombardia habari hiyo ilikuwa imechelewa mno. Watafiti waliporudi nyuma kuuliza wagonjwa walianza kuumwa lini, walikuta kwamba siku ile majibu ya Codogno yanatoka, kirusi kilikuwa kimeshaenea katika sehemu kubwa ya miji ya kusini mwa mkoa. Tarehe 25 Februari, siku chache tu baadaye, Lombardia ilikuwa na wagonjwa 240 waliothibitishwa na Veneto 43. Yaani mkoa mmoja ulikuwa unazima cheche na mwingine tayari una nyumba inayowaka. Usije ukawasilisha darasani habari hii kama mbio ambazo wote walianzia mstari mmoja.

Lakini bahati inaeleza mwanzo tu. Haielezi kwa nini, wiki baada ya wiki, mkoa mmoja uliendelea kujua kirusi kiko wapi na mwingine ukakipoteza.

Chukua Vo', mji mdogo wa wilaya ya Padova wenye wakazi wasiozidi 3,300 hivi. Tarehe 21 Februari alifariki mzee mmoja mkazi wa hapo, kifo cha kwanza cha korona Italia. Pamoja na miji kumi ya wilaya ya Lodi huko Lombardia, Vo' ikafungwa: hakuna kuingia wala kutoka. Mpaka hapo hali ilikuwa sawa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba mkoa wa Veneto uliamua kumpima kila mkazi wa Vo' aliyekuwa tayari, awe na dalili asiwe nazo, jambo ambalo mwongozo wa taifa haukulitaka. Walipimwa watu 2,812, yaani takriban asilimia 86 ya mji, na 73 wakakutwa na kirusi: asilimia 2.6. Mnamo Machi 7, baada ya mji kukaa umefungwa na waliokutwa nacho kujitenga, walipimwa tena watu 2,343. Safari hii walikuwa 29, asilimia 1.2. Na zaidi ya asilimia 40 ya wote waliokutwa na kirusi katika mizunguko hiyo miwili hawakuwa na dalili yoyote.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho kwa macho ya mtu anayeendesha idara ya afya ya mkoa mwishoni mwa Februari 2020. Ikiwa watu wanne kati ya kumi wenye kirusi hawakohoi wala hawana homa, basi mfumo unaosubiri mtu aumwe ndipo umpime unaona sehemu tu ya mlipuko, tena sehemu iliyochelewa. Andrea Crisanti, mtaalamu wa mikrobiolojia wa Chuo Kikuu cha Padova aliyesimamia utafiti huo, alilichukua somo hilo na kulipeleka kwa uongozi wa mkoa. Wengi wanakosea wanapodhani somo lilikuwa "mpime kila mtu". Huwezi kupima watu karibu milioni 5 wa Veneto kila wiki. Maabara zingekwama siku ya pili. Somo lilikuwa: ukimpata mgonjwa mmoja, wapime wote walio karibu naye, nyumbani, kazini, jirani, bila kuuliza kama wanaumwa. Akipatikana mwingine, anza upya kwake.

Sasa, nani atafanya kazi hiyo? Hapa ndipo mikoa hii miwili inapoachana kweli, na ndipo ningekushauri utumie nusu ya muda wa mada yako.

Kazi ya kumzunguka mgonjwa haifanywi na hospitali. Inafanywa na watu wasiopigwa picha: maafisa wa idara ya kinga wenye simu na orodha, wauguzi wanaokwenda nyumba kwa nyumba na vijiti vya kuchukulia sampuli puani, dereva anayewahisha kisanduku maabara kabla ya saa kumi na mbili jioni, karani anayeingiza majina na tarehe ya dalili ya kwanza. Veneto ilikuwa imebaki na mamlaka tisa za afya za kimaeneo, kila moja ikiwa na hospitali, madaktari wa familia na idara ya kinga chini ya paa moja la uongozi. Mkurugenzi mmoja aliweza kuamuru sampuli zichukuliwe nyumbani leo, na kesho ikafanyika.

Lombardia ilikuwa imekwenda njia nyingine. Mageuzi yake ya mwaka 1997, yaliyoendelezwa na yale ya 2015, yalitenganisha vyombo vinavyopanga na kununua huduma na vyombo vinavyozitoa, hospitali za umma na za binafsi zishindane kumvutia mgonjwa. Kwa upasuaji wa moyo au nyonga, mpango huo una mantiki yake, na ndiyo maana watu walisafiri kutoka kusini. Kwa kirusi kinachosambaa kwa pumzi, una kasoro moja kubwa: hakuna anayeshindania kazi ya kinga. Hakuna hospitali inayolipwa kwa ajili ya mgonjwa ambaye hakuumwa. Idara za kinga zilibaki nyembamba, na daktari wa familia akawa pembeni ya mfumo badala ya kuwa mlango wake. Machi ilipofika, madaktari hao walikuwa wanapokea simu mia kwa siku, hawana barakoa za kutosha, hawana njia ya kuwapimisha wagonjwa wao, na jibu pekee walilokuwa nalo lilikuwa "kaa nyumbani, ukizidiwa piga simu ya ambulensi". Mgonjwa akakaa nyumbani na familia yake, akawaambukiza, akazidiwa, akapelekwa hospitali, akaambukiza na hospitali.

Hilo la hospitali kuambukiza si maneno ya wakosoaji wa nje. Madaktari wa Papa Giovanni XXIII, hospitali kuu ya mji wa Bergamo huko Lombardia, waliandika Machi 2020, wakiwa bado katikati ya moto, kwamba hospitali zenyewe huenda zikawa ndizo wabebaji wakuu wa kirusi, na kwamba mlipuko unahitaji huduma inayoizunguka jamii kuliko inayomzunguka mgonjwa mmoja. Katika wilaya hiyohiyo, hospitali ya Alzano Lombardo iligundua wagonjwa wa korona tarehe 23 Februari, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena baada ya saa chache tu.

Kuhusu maabara nitasema machache. Padova ilianza kujiandaa Januari, kabla ya Codogno, kwa kujiwekea akiba ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na kujifunza kutengeneza baadhi yake yenyewe, hivyo soko la dunia lilipokauka haikusimama. Mwisho wa Machi Veneto ilikuwa imefanya vipimo takriban 100,000. Lombardia ilikuwa imefanya zaidi kidogo tu ya hapo, ilhali watu wake, karibu milioni 10, ni mara mbili ya wa Veneto, na mlipuko wake ulikuwa mkubwa mara nyingi zaidi.

Niwe wa haki kwa Lombardia, kwa sababu kuna jambo moja ililifanya ambalo sijui mkoa mwingine wowote uliokuwa na mzigo kama ule ungelifanya vizuri zaidi. Kabla ya mlipuko ilikuwa na vitanda 720 hivi vya ICU, yaani vya wagonjwa mahututi, vingi tayari vikiwa na wagonjwa wengine kama ilivyo kila majira ya baridi. Siku ileile Codogno inatangazwa, uliundwa mtandao wa dharura wa kuratibu ICU zote za mkoa kama wodi moja, na mwanzoni mwa Aprili zilikuwa zinahudumia wagonjwa wa korona karibu 1,400 kwa wakati mmoja. Vyumba vya upasuaji viligeuzwa ICU, wauguzi wakafundishwa kazi mpya usiku kwa usiku, oksijeni ikapitishwa kwenye korido. Aliyeona kazi ile ataivulia kofia.

Ila jiulize kitanda cha ICU kinakuambia nini. Mtu anaambukizwa leo. Dalili zinakuja baada ya siku tano hivi. Akiwa ni miongoni mwa watakaozidiwa, itapita wiki nyingine au zaidi kabla hajahitaji mashine ya kupumulia. Kwa hiyo idadi ya waliolazwa ICU asubuhi hii ni taarifa ya maambukizi ya wiki mbili zilizopita. Mwanzoni mwa mlipuko wa Lombardia maambukizi yalikuwa yanajirudufu kila siku tatu hivi. Ndani ya siku kumi na nne unapata mirudufu minne na nusu, yaani zaidi ya mara ishirini. Serikali ya mkoa inayosubiri ICU ijae ndipo ichukue hatua inapambana na mlipuko ambao tayari ni mara ishirini ya ule inaouona. Hakuna kasi ya kuongeza vitanda inayoweza kushindana na hesabu hiyo. Hata hospitali ya muda iliyojengwa kwa michango ya mamilioni ya euro kwenye viwanja vya maonyesho vya Milano ilifunguliwa wakati wimbi limeanza kushuka, na katika majira yale ikapokea wagonjwa wachache mno.

Na vitanda vinapokuwa ndicho kitu pekee unachokihesabu, utafanya lolote kuvipata. Machi 8, 2020, serikali ya mkoa wa Lombardia ilipitisha azimio la kuziomba nyumba za wazee zipokee wagonjwa wa korona wasio mahututi, ili hospitali zipate nafasi. Kwenye karatasi lilikuwa na masharti: jengo lililotengwa, wafanyakazi wao wenyewe. Lakini nyumba za wazee wakati ule hazikuwa na barakoa wala vipimo vya kutosha hata kwa watu wao. Sisemi kwamba kila kifo katika nyumba hizo kilitokana na azimio lile. Kirusi kilikuwa kimeshaingia katika nyingi kupitia wageni na wafanyakazi. Nasema kwamba mtaalamu yeyote wa kinga aliyekaa katika chumba kile na kusikilizwa angelizuia. Inaelekea ama hakuwepo, ama hakusikilizwa.

Kisa cha Nembro na Alzano kinajibu swali lako la mipaka na jeshi kuliko nadharia yoyote. Miji hii miwili iko bonde moja karibu na Bergamo, bonde la viwanda, watu wanaingia na kutoka usiku na mchana. Tarehe 3 Machi kamati ya kitaalamu ya taifa ilipendekeza ifungwe kama ilivyofungwa Codogno. Vikosi vya usalama vikasogezwa karibu. Kisha ukimya. Mkoa ulisema unasubiri Roma, Roma ikasema mkoa nao ulikuwa na uwezo wa kisheria wa kufunga. Zikapita siku tano hadi Machi 8 mkoa mzima ulipofungwa, na siku mbili baadaye nchi nzima. Siku tano, na kumbuka kasi ya kujirudufu niliyokupa. Waendesha mashtaka wa Bergamo walichunguza jambo hilo kwa miaka mitatu. Mwaka 2023 mahakama ya mawaziri ya Brescia, inayoshughulikia tuhuma dhidi ya mawaziri, ikaifunga kesi dhidi ya aliyekuwa waziri mkuu Giuseppe Conte na waziri wa afya Roberto Speranza. Mimi si mwanasheria na sina la kuongeza kuhusu kosa la jinai. Kiutawala lakini jambo liko wazi: mamlaka ya kufunga yalikuwa yamegawanywa kati ya wawili, na kila mmoja alipata sababu ya kumsubiri mwenzake. Mkoa haukukosa uwezo. Ulikosa mtu ambaye, sheria ikiwa na utata, angetia sahihi kwanza na kujieleza baadaye. Ukipenda, walimkosa Malara wa ofisini.

Mwisho wa Mei 2020 Lombardia ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 16,000 waliothibitishwa, Veneto chini kidogo ya 2,000.

Vitabu vingi vinaishia hapo, na ndiyo sababu umeambiwa mmoja ulishindwa na mwingine ukafaulu. Mwaka haukuisha Mei.

Novemba 2020 serikali kuu ilianza mfumo wa rangi: njano, chungwa na nyekundu, kutoka masharti mepesi hadi mazito, kila mkoa ukipangiwa rangi kwa viashiria zaidi ya ishirini, vikiwemo kasi ya maambukizi na nafasi zilizobaki ICU. Lombardia, iliyokuwa imejifunza kwa machungu, ilipewa nyekundu tangu siku ya kwanza. Veneto ikapewa njano, na ikabaki njano wiki zote hadi karibu na Krismasi. Moja ya sababu ni kwamba ilikuwa imejiongezea vitanda vingi vya ICU. Hebu ona kinaya chake: mkoa uliookolewa na kutokutegemea vitanda sasa ulionekana salama kwa sababu ya vitanda. Mikahawa ilibaki wazi mchana, na mitaa ikajaa watu Jumamosi. Idara ya kinga, iliyokuwa na sifa nzuri kuliko zote, ilikuwa na wagonjwa wengi kiasi kwamba kumzunguka kila mmoja kama Februari hakukuwezekana tena.

Halafu kulikuwa na suala la vipimo vya haraka vya antijeni. Veneto ilivinunua kwa wingi na kuvitumia mpaka kwa wafanyakazi wa nyumba za wazee. Kipimo hicho kina kazi yake: kinatoa jibu ndani ya dakika chache na kinawakamata wengi wenye kirusi kingi. Lakini kinawakosa wengi zaidi kuliko PCR, kipimo cha maabara, hasa siku za mwanzo wakati kirusi bado ni kichache mwilini. Ukikitumia kutafuta wagonjwa, ni faida. Ukikitumia kumpa mfanyakazi ruhusa ya kuingia kwenye chumba cha bibi wa miaka 85, kila unayemkosa anaingia na baraka zako. Crisanti alilipinga hilo hadharani, uongozi wa mkoa ukamjibu kwa ukali, na watu waliofanya kazi bega kwa bega Februari wakawa hawaongei. Kufikia mwisho wa Desemba Veneto ilikuwa imepita vifo 6,000 tangu mlipuko uanze, na sehemu kubwa ilikuwa ya miezi hiyo miwili ya mwisho.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Veneto ilifaulu, nitakuuliza: Veneto ya mwezi gani? Uwezo wa mkoa si tabia ya watu wake. Ni kazi inayofanywa au isiyofanywa wiki hii, na inakufa ikiachwa. Wakati wa masika Veneto ilikuwa inahesabu minyororo ya maambukizi. Kufikia vuli ikawa inahesabu vitanda. Kila serikali huamka asubuhi na kuchukua hatua juu ya kile ilichokihesabu jana.

Kuhusu kuhesabu, kuna kisa kimoja kidogo nakipenda sana na sijakiona katika mada nyingi. Januari 17, 2021, Lombardia iliwekwa tena kwenye nyekundu. Maduka yakafungwa, shule zikarudi kwenye masomo ya mtandaoni. Baada ya siku chache ikabainika kwamba mkoa haukustahili rangi hiyo: katika takwimu ilizokuwa ikituma Roma, sehemu ya kuandika hali ya mgonjwa ilikuwa ikiachwa wazi kwa watu wengi waliokwisha kupona, na kikokotoo cha taifa kikawahesabu kama bado wana dalili. Kasi ya maambukizi ikaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Takwimu zikarekebishwa, Januari 24 mkoa ukarudi chungwa, na ugomvi wa nani mwenye kosa ukaendelea magazetini. Watu milioni 10 walifungiwa wiki nzima kwa sababu ya kisanduku kisichojazwa. Karani yule niliyemtaja huko juu, anayeingiza tarehe na hali ya mgonjwa, ana mamlaka makubwa kuliko anavyolipwa.

Sasa ushauri wa kazi yako yenyewe. Usilinganishe mikoa kwa idadi ya waliothibitishwa, wala kwa asilimia ya waliokufa kati ya waliothibitishwa. Mkoa unaopima wenye hali mbaya tu utaonekana una kirusi kikali zaidi, kumbe una vipimo vichache. Vivyo hivyo vifo: Machi 2020 wazee wengi wa Bergamo walifia nyumbani bila kupimwa na hawamo katika ile 16,000. Tumia vifo vyote, vya sababu zozote, ulinganishe na miaka iliyotangulia. Taasisi ya takwimu ya Italia ilifanya hivyo wilaya kwa wilaya. Ukilinganisha Machi 2020 na wastani wa Machi za mwaka 2015 hadi 2019, vifo viliongezeka kwa asilimia 568 Bergamo, 391 Cremona na 371 Lodi. Zote ni Lombardia.

Halafu kuna Piacenza, asilimia 264, ambayo haimo Lombardia wala Veneto. Imo Emilia-Romagna, mkoa wa tatu, wenye mtandao mzuri wa huduma za jamii na siasa za mrengo tofauti kabisa. Ila imetenganishwa na Codogno na mto Po tu, na watu wake wanavuka daraja kwenda kazini kila siku. Huko ndiko daktari wa saratani Luigi Cavanna alikoanza kuzungukia nyumba za wagonjwa, akiwapima na kuwapa dawa kabla hawajazidiwa. Iweke wilaya hiyo katikati ya mchoro wako na uwaache wanafunzi waieleze wao: sehemu gani ya ile 264 ni mto, na sehemu gani ni mkoa.